Ninavyowafundisha wauguzi wa Tanga kumhudumia mgonjwa transjenda

Somo hili huwa nalianza na kisa cha Marekani kilichochapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la New England Journal of Medicine, na mwanzoni siwaambii wanafunzi kinahusu nini, nawasomea tu kama ripoti ya kukabidhiana zamu. Mwanaume, miaka 32, kaja emajensi na maumivu makali ya tumbo la chini, mnene, presha iko juu, dawa za presha kaacha baada ya kupoteza bima. Anamwambia nesi wa mapokezi kwamba yeye ni transjenda, kwamba nyumbani kajipima mimba ikaonyesha ipo, na kwamba kuna maji yamemtoka kalowa. Nesi anaandika. Faili linasema Me. Mgonjwa anawekwa kwenye kundi la wasio wa haraka, asubiri.

Hapo nasimama nauliza, we ndo uko zamu, unafanya nini dakika hii?

Hawa ni wanafunzi wa mwaka wa pili, leba wametoka juzi tu, na mtu yeyote aliyekaa leba hata wiki moja akisikia maumivu ya tumbo, presha juu, maji yametoka, anaamka mwenyewe anaenda kutafuta glovu. Lakini darasa linanyamaza kwa sababu nimesema mwanaume. Wengine wanasema apendiksi, wengine mkojo, kuna aliyesema figo, mpaka anatokea mmoja anasema kwa sauti ya chini, "Madam, huyu si yuko kwenye uchungu?" Ndio, alikuwa kwenye uchungu. Masaa kadhaa yakapita, kipimo cha mimba cha hospitali kikarudi kinasema ipo, wakamfanyia utrasaundi, wakakuta kamba ya kitovu imemtangulia mtoto, wakakimbizana naye thieta, na mtoto alikuwa ameshafariki.

Kinachoniuma kwenye kisa hiki ni kwamba yule nesi hakumtukana mtu. Alimsikiliza, aliandika, hata kipimo kiliagizwa. Ila kichwani kwake mwanaume mwenye tumbo na presha anapelekwa huku, mwanamke mwenye tumbo na presha anapelekwa kule, na huyu aliyekuja hakuwa na pa kupelekwa kwahiyo akabaki kwenye benchi. Na sisi fomu zetu za OPD ni hivo hivo, jina, umri, jinsi Me au Ke, unazungushia kalamu alafu kila kitu kinachofuata, vipimo, wodi, hata maswali utakayouliza, vinaenda kwa lile duara ulilochora. Mi sina shida na fomu, fomu lazima iwepo, ninachotaka mwanafunzi wangu aelewe ni kwamba lile duara halijamaliza historia ya mgonjwa. Mwanaume transjenda, yaani aliyezaliwa na mwili wa kike ila anajijua ni mwanaume, kama hajafanyiwa upasuaji ana mji wa mimba na ana mlango wa kizazi, anaweza kushika mimba hata kama anatumia testosteroni maana ile siyo dawa ya kuzuia mimba, na saratani ya mlango wa kizazi inamhusu kama inavyomhusu shangazi yako, kile kipimo cha siki tunachofanya kliniki kinamfaa kabisa. Mwanamke transjenda, yaani aliyezaliwa na mwili wa kiume ila anajijua ni mwanamke, hata aliyefanyiwa upasuaji, tezi dume kwa kawaida inabaki, kwahiyo akifika miaka 60 analalamika mkojo hautoki vizuri usimwandikie UTI mara nne mfululizo.

Swali linalofuata darasani ni lile lile kila mwaka, na ni swali zuri. "Sasa madam, mtu mzima unamuulizaje ana nini?"

Kweli, Tanga hapa sisi ni watu wa adabu, kijana wa miaka 20 hawezi kumkabili mtu mzima, ametoka tu kumwamkia shikamoo, amuulize mambo ya chini ya nguo hadharani. Kwahiyo tunafanya mazoezi, kwenye chumba cha prosija, pazia limevutwa, mmoja mgonjwa mmoja muuguzi, na wanaanza kwa kueleza sababu kabla ya swali. Yaani hivi: samahani, kuna maswali nauliza kila mtu mwenye maumivu ya tumbo la chini, yatanisaidia nisikose ugonjwa wako, usipotaka kujibu mengine niambie tu. Alafu unauliza: umewahi kufanyiwa operesheni yoyote? kuna dawa au sindano yoyote unatumia, hata ya dukani? kuna uwezekano wa mimba? ungependa nikuite nani? Ni hayo tu. Na mwanafunzi akishayasema mara tano sita, uso wake unatulia, na uso ndo kitu cha kwanza mgonjwa anasoma. Nimewahi kuona mgonjwa anafunga mdomo kabisa kwa sababu tu dada wa zamu alinyanyua nyusi akamtazama mwenzake.

Alafu kuna kuita majina. Hili dogo lakini lina madhara kuliko watu wanavyodhani. Asubuhi OPD imejaa, mabenchi mawili matatu, muuguzi anatoka mlangoni na rundo la kadi anapaza sauti "Juma Hamisi!", na anayenyanyuka ni mtu kavaa dera na mtandio, benchi zima linageuka, kuna watoto wanacheka, kuna mama anasema astaghafirullah kwa sauti, na yule mtu anafanya moja kati ya mawili, anaingia huku anatetemeka au anatembea moja kwa moja mpaka getini na harudi tena. (Jina la mfano hilo, msianze kumtafuta Juma.) Nilichowafundisha ni kuita kwa namba ya kadi, au jina la ukoo peke yake, au umsogelee. Haigharimu shilingi, na inawasaidia na wengine wote, maana hata mama aliyekuja kupima TB hataki jina lake kamili lisikike mpaka kwenye bajaji nje.

Wenzangu wengine wananiambia haya mambo ni ya Ulaya na Marekani, huku kwetu hayapo. Mi nimefanya kazi CTC, ile kliniki ya wanaoishi na VVU, nimefanya kazi wodini, nawaambia wapo. Hapa nchini hakuna kliniki ya serikali ya kumpa mtu homoni za kubadili jinsia, lakini duka la dawa lipo kila kona kuanzia Ngamiani mpaka Makorora, na mtu akitaka umbo la kike anaweza kununua vidonge vya uzazi wa mpango akameza vitatu vinne kwa siku kwa maelekezo ya rafiki. Hapa ndipo nachukua muda mrefu kuliko sehemu zote, kwa sababu hii ni dawa na madhara yake yanaua. Vingi vya vidonge vile vina ethinilestradioli, na hiyo ndo aina ya estrojeni ambayo miongozo ya kimataifa inakataza kutumika kwa kazi hii, kwa sababu inafanya damu igande kuliko estradioli ya kawaida, na mtu akivimeza vingi alafu anavuta sigara ndo hatari inazidi. Kwahiyo mwanafunzi wangu akimwona kijana kaja mguu mmoja umevimba, ndama inauma, au kifua kimembana ghafla na pumzi haitoshi, nataka akumbuke kuuliza habari ya vidonge, na aulize bila kukunja uso, kwa sababu ukiuliza kwa hukumu utajibiwa "situmii chochote" na daktari ataanza kutibu nimonia.

Na mambo ya dawa kugongana nayo yapo. Rifampisini ya TB inafanya ini lisage homoni haraka, homoni zinapungua mwilini, na mtu asiyeelezwa atajiongezea dozi mwenyewe. Dolutegravir kwenye ARV za sasa haina ugomvi mkubwa na estrojeni, hilo ni jema la kumwambia mteja, maana wapo wanaoacha ARV wakiogopa zitaua homoni zao, wakichagua kipi wabaki nacho wanachagua homoni. Anayetumia ARV hiyo pamoja na rifampisini dozi ya dolutegravir inakuwa miligramu 50 mara mbili kwa siku, wanafunzi wanalijua hili lakini hawajawahi kulifikiria kwa mgonjwa wa namna hii. Spironolaktoni, ambayo sisi tunaijua kwa wagonjwa wa moyo na wa maji tumboni, wengine wanaitumia kuzuia homoni za kiume, na inapandisha potasiamu. Na wingi wa damu usomwe kwa akili: kiwango cha WHO cha upungufu wa damu ni hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye na mimba na chini ya 13 kwa mwanaume, sasa mwanaume transjenda aliyekaa na testosteroni miaka miwili ana 12.4, ukimsoma kwa kiwango cha kike utasema mzima, kumbe kwa homoni alizonazo tayari amepungukiwa na inabidi utafute damu inapotea wapi.

Kuna mwanafunzi mmoja wa mwaka jana alikuja kunieleza, akiwa fildi kwenye zahanati moja ya wilayani, kuhusu kijana aliyekuja na malalamiko ya mbavu na kupumua kwa shida, wakampima malaria hana, kifua kiko safi. Mwanafunzi akaomba amsikilize kifua vizuri nyuma ya pazia, akakuta kifua kimefungwa bandeji ya kubana ili matiti yasionekane, mizunguko mitatu minne, imeshikizwa na pini, na hiyo ilikuwa Februari, joto la Tanga mnalijua. Ngozi chini ya bandeji ilikuwa nyekundu, fangasi wametambaa mpaka kwapani, kwenye mbavu kuna michirizi ya bandeji iliyokaa siku nyingi. Akamfungua taratibu, akamsafisha, akampa krimu ya fangasi, akamweleza kwamba bandeji ya namna ile inazidi kubana kila unavyopumua kwahiyo ni bora fulana ya kubana ya michezo, isizidi masaa 8, na usiku asilale nayo kabisa. Hakumuuliza kwa nini. Kijana akarudi baada ya wiki, mwenyewe, kuonyesha ngozi ilivyopona. Mi nilifurahi kupita kiasi kwa sababu hiyo ndo nesingi ninayoijua, na yule binti anavaa hijabu, anaswali swala tano, na hakuona mgongano wowote.

Sasa kitu ninachokikemea kuliko vyote ni kuitana. "Njoo uone." Mgonjwa kalala kitandani, muuguzi anaenda kuweka katheta, anakuta asichotarajia, anatoka anarudi na wenzake wanne na mfanya usafi. Tanga ni mji mdogo jamani, Chumbageni inajuana na Mikanjuni, shangazi ya nesi ni jirani wa mama wa mgonjwa, jambo lililosemwa wodini saa nne asubuhi adhuhuri liko sokoni. Kuna mwanamke transjenda wa Marekani, Tyra Hunter, alipata ajali ya gari Washington mwaka 1995, mhudumu wa dharura alipochana nguo akaona maumbile yake akaacha kumtibu akaanza kumcheka mbele ya watu, na yule dada akafia hospitali. Mwaka 1998 baraza la mahakama likaamuru mama yake alipwe karibu dola milioni 2.9. Nawaambia wanafunzi, sikupi kisa hiki uogope kushtakiwa, nakupa ujue kwamba dakika ulizotumia kushangaa ni dakika za damu yake.

Kuna kundi jingine ambalo naliweka kwenye somo hili hili ingawa siyo transjenda, nao ni huntha, watu waliozaliwa na maumbile ambayo hayako wazi kama ni ya kike au ya kiume. Nasisitiza wasichanganye, transjenda ni habari ya mtu anavyojijua nafsi yake, huntha ni habari ya mwili alivyozaliwa nao. Na hapa darasa linabadilika kabisa, kwa sababu waliopita madrasa wanamjua huntha kutoka kwenye mirathi, masheikh wamejadili karne na karne fungu lake linatoka vipi, na huntha ambaye hali yake haijabainika anasubirishwa vipi. Jirani zetu Kenya waliwahesabu kwenye sensa ya 2019 wakapata 1,524, na mpakani Horohoro hapo siyo mbali.

Kwa mkunga jambo hili ni la dharura. Mtoto katoka, kalia vizuri, bibi yuko mlangoni anauliza swali lile la kwanza, mwanamke au mwanaume? Ukitazama unaona sehemu zimevimba, huwezi kusema. Ukikurupuka ukasema mwanaume, familia ya Kiislamu hapa inaanza kutafuta mbuzi wawili wa akika ya siku ya saba, ukisema mwanamke mbuzi mmoja, jina linatoka, na baada ya hapo kurudisha neno ni kazi kubwa na aibu kwa mama. Nawafundisha kusema: bibi, mtoto mzima, analia vizuri, ana kilo tatu na robo, kuna sehemu hazijakomaa vizuri tunataka daktari ampime kabla hatujasema. Basi. Usiandike ulichokisia, na usimwambie mtu yeyote kwamba mtoto akatwe upesi upesi ili afanane, upasuaji huo mara nyingi hauna haraka na hauwezi kurudishwa.

Lakini kuna chenye haraka, na hiki ndo wengi hawakijui. Sababu mojawapo kubwa ya mtoto kuzaliwa hivo ni tezi za juu ya figo kushindwa kutengeneza kotisoli na homoni ya kutunza chumvi. Mtoto anaenda nyumbani akiwa mzima, akika inafanyika, alafu kwenye wiki ya pili anaanza kutapika, hanyonyi, analegea, kilo zinashuka. Analetwa hospitali tunasema maambukizi ya damu, tunampa antibayotiki, na anafariki na antibayotiki zake. Damu yake ingepimwa ingeonyesha sodiamu chini na potasiamu juu, pengine sukari chini, na kilichohitajika ni dripu ya chumvi, sukari na haidrokotisoni. Kwahiyo mkunga aliyeona maumbile hayako wazi asimwachie mama aondoke bila rufaa, na amwambie mama wazi, akitapika au akiacha kunyonya usisubiri kesho.

Nirudi kwenye swali la dini na la sheria, kwa sababu nisipoligusa mtasema nimelikimbia. Wanafunzi wangu ni Waislamu na Wakristo, na huniuliza waziwazi, madam hii si dhambi? Huwa siwajibu kama sheikh wala mchungaji. Nawaambia imani yako ni yako, hakuna anayekuomba uiache mlangoni, lakini ulipochagua kazi hii ulikubali kuhudumia mwizi aliyepigwa, dereva mlevi aliyeua, na binti aliyetoa mimba kwa kijiti, na wote umewahi kuwafunga dripu kwa mikono yako. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi zinasema huduma haibanwi na jinsia wala mwelekeo wa kimapenzi wa mtu, sambamba na dini na kabila. WHO nayo, kwenye ICD-11, yaani orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, iliitoa hali ya utransjenda kwenye sura ya magonjwa ya akili ikaiweka kwenye sura ya afya ya ujinsia.

Sheria yetu ya Kanuni ya Adhabu inaadhibu tendo la ngono kinyume cha maumbile, inafahamika, na mimi siyo mwanasheria. Ninachojua ni kilichotokea kwenye huduma. Mwaka 2016 vilainishi vya kutumia wakati wa ngono vilipigwa marufuku, na Februari 2017 serikali ikasimamisha huduma za UKIMWI kwenye vituo 40 vilivyokuwa vinahudumia makundi haya. Watu wakajificha, na virusi havijifichi. Uchambuzi wa tafiti za nchi 15 uliochapishwa na jarida la Lancet Infectious Diseases mwaka 2013 ulikuta wanawake transjenda 19 kati ya 100 wana VVU. Ukimfukuza huyo kwa macho yako mabaya kwenye dirisha la CTC, umeharibu kazi ya mradi mzima. Na Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri za mteja na inakataza unyanyapaa, hiyo nayo ni sheria ya nchi hii hii.

Mengine mawili nayasema harakaharaka lakini kwa msisitizo. Mtu akiletwa amepigwa, tibu jeraha linalovuja damu kwanza, PF3, ile fomu ya polisi, itafuata, kwa sababu huyu mara nyingi anaogopa kituo cha polisi kuliko anavyoogopa jeraha. Na akiletwa mtu ili apimwe kwa nguvu sehemu ya nyuma kutafuta "ushahidi", jua kwamba kipimo hicho hakina msingi wowote wa kisayansi, Chama cha Madaktari Duniani kiliwataka madaktari wakiache mwaka 2017, na muuguzi anayeshika miguu ya mgonjwa anayekataa naye ameshiriki.

Vipindi vya haya yote navipata wapi? Mtaala haujayatengea nafasi, na hata wenzetu hawako mbali sana, utafiti wa JAMA wa 2011 ulikuta vyuo vya udaktari vya Marekani na Canada kwa wastani vilitoa masaa 5 tu kwa afya ya makundi haya kwenye kozi nzima. Kwahiyo mi nachomeka: estrojeni na rifampisini nazisema kwenye famakolojia, katheta na usiri kwenye prosija za msingi, mtoto mchanga kwenye ukunga, kuita majina kwenye siku ya kwanza ya fildi. Hakuna aliyenizuia mpaka sasa kwa sababu kila kipande kinakaa mahali pake. Mwalimu wa chuo kingine anayetaka karatasi zangu za mazoezi, za Korogwe, Muheza, popote, aniandikie nitamtumia zote, na aanze na ile ya mtoto mchanga, hiyo hata mkuu wa chuo mwenye wasiwasi hataikataa.